Kupasua Mipira kwa Mkono wa Mkata Mkonge

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili tu, nikatolewa shuleni kwenda kuchunga mbuzi wa baba kule Suji. Yote niliyoyapata baada ya hapo nimeyapata kwa mikono yangu na kwa kichwa changu. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe, ya matofali ya kuchoma, na hakuna mtu aliyenichangia hata bati moja. Kwa hiyo sitaki mtu anifundishe namna ya kueleza jambo. Nitaeleza nilivyoliona. Ni habari ya meza ya biliadi iliyokuwa kwenye shamba la mkonge nililofanyia kazi ujanani, na jinsi nilivyojifunza kupasua mipira yake, na mwisho wake ulivyokuwa. Wenzangu wa wakati ule wengi wamekwisha kuzikwa. Waliobaki ukiwatajia meza ile wanabadilisha mazungumzo.

Shamba lilikuwa chini ya milima, upande wa reli, nchi ya upepo na vumbi jekundu ambapo hakioti kitu cha maana isipokuwa mkonge. Wenyewe walikuwa Wagiriki. Walikuwa na klabu yao, nyumba ya mawe yenye baraza, na ndani ya klabu ndimo ilimokuwa meza. Sisi wakata mkonge hatukuwahi kuiona. Tuliijua kwa mlio. Jioni tukipita kurudi kambini tulisikia kitu kinalia pwaa, kama mtu amevunja mfupa mkavu, halafu kimya kidogo, halafu Wagiriki wanacheka. Uhuru ulipokuja tukasema sasa tutaingia. Hatukuingia. Bendera ilibadilika pale ofisini, mnyapara akaacha kututukana hadharani akawa anatutukana kwa sauti ya chini, na jioni mlio uliendelea vilevile.

Tuliingia baada ya Azimio la Arusha, shamba lilipochukuliwa na serikali. Wagiriki walifunga mizigo yao wakaenda zao. Akaletwa meneja mpya, Mwafrika mwenzetu, mtu msomi mwenye sauti ya upole, akatukusanya akasema kuanzia leo klabu ni ya wafanyakazi. Tukaingia na matope yetu miguuni. Sitasahau. Paa lilikuwa limetoboka, popo walikuwa wamejaa darini, na meza ilikuwa imefunikwa turubai. Tulipoifunua tukakuta kitambaa chake cha kijani kimechanika katikati na panya wamefanya makao kwenye mfuko mmoja wa kona.

Sisi Wapare tuna kazi ya pamoja tunayoiita msaragambo. Ikiwa kuna mfereji wa kuzibua au njia ya kutengeneza, pembe inapigwa asubuhi, kila nyumba inatoa mtu, na asiyetokea anatozwa faini. Basi tukapiga pembe pale kambini. Wenzetu waliotoka mbali, Waha, Wabena, Wamakonde, walitucheka. Mmoja akauliza, "Hii pembe ni ya harusi au ya simba?" Lakini walikuja, kwa sababu meza ilikuwa yao pia. Tulifukuza popo, tukaziba paa, tukasawazisha sakafu. Mmakonde mmoja aliyewahi kuwa fundi cherehani alishona kile kitambaa kwa sindano nyembamba, siku nzima ya Jumapili, amelala kifudifudi juu ya meza kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mshono ulibaki unaonekana, lakini mpira ulipita. Tulipomaliza tulikaa chini kuizunguka ile meza, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuigusa.

Alikuwepo mzee mmoja wa Kibena, mpishi wa klabu tangu enzi za Wagiriki. Alikuwa amewapangia mipira miaka yote ile na hakuwahi kuruhusiwa kuugonga hata mmoja. Yeye ndiye aliyetuambia kanuni. Mipira kumi na mitano ya rangi inapangwa ndani ya pembetatu ya mbao, pembetatu inaondolewa, na mchezaji wa kwanza anaupiga mpira mweupe kwa fimbo ili ukaitawanye ile mingine. Huko ndiko kupasua. Ukiingiza mpira wa rangi mfukoni unaendelea kupiga. Usipoingiza, unampisha mwenzako. Anayetangulia kuingiza minane ameshinda. Mweupe ukitoka nje ya meza au ukitumbukia, umeharibu, zamu imekwenda.

Kanuni ni nyepesi, mchezo si mwepesi. Ile mipira ikipangwa inashikana kama matofali. Wenzangu wengi walipiga, rundo likatikisika tu, likakaa. Mimi nilikuwa na mkono. Nilikuwa mkataji wa kwanza katika kambi nzima, nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na mtu mwenye mkono wa kukata mkonge hana haja ya kuogopa mipira. Siku yangu ya kwanza nilikaza fimbo kwa nguvu zangu zote nikapiga. Mweupe uliruka juu ya rundo, ukatoka dirishani, ukaenda vichakani.

Nje alikuwa anapita mchungaji wa Kimasai na ng'ombe wake. Aliuokota, akaja akaegemea dirisha, akaunyoosha kwetu mkononi.

"Mzungu wenu mmoja ametoroka," akasema. "Nimewakamatia."

Walicheka mpaka mzee mpishi akakaa chini. Tangu siku ile kila nikishika fimbo mtu alikwenda kusimama dirishani akapanua kanzu au shati kama anayetega embe. Mimi sikucheka. Niliendelea kupiga kwa nguvu, na kila nilipoongeza nguvu mambo yaliharibika zaidi. Mara mweupe unaruka, mara unakwenda upande, mara unagonga rundo kwa kishindo kikubwa na rundo linaachia mipira miwili mitatu tu. Sikuelewa. Nguvu ninayo, inakwenda wapi?

Mambo yakaendelea hivyo hadi bei ya mkonge ilipoanza kuanguka. Hilo kila mtu wa umri wangu analijua. Nyuzi za Wazungu za kiwandani zikaingia sokoni, mkonge wetu ukawa unalala ghalani. Korona, ule mtambo wa kusaga majani, ukawa unazimwa siku nzima kwa kukosa kazi. Watu wakaanza kupunguzwa. Wengine waliambiwa wakafungue vijiji vya ujamaa, wakapewa majembe. Kila mwezi kilitoka kitu pale shambani. Lilitoka trekta, ikatoka jenereta, zikatoka mashine za karakana, vyote vinapelekwa kwenye mashamba yanayoonekana yana uhai. Sisi tuliobaki tulikuwa tunatazama tu. Jioni tulikwenda klabuni, kwa sababu ile meza ilikuwa kitu pekee kilichobaki ambacho tulikitengeneza wenyewe.

Ndipo siku moja meneja alipotuita barazani. Alisimama na mikono nyuma.

"Ndugu zangu," akasema, "shirika limeamua vyombo vya klabu vikusanywe. Shamba la jirani wana ukumbi mzuri na wachezaji. Meneja wao ameiomba meza."

Mzee mpishi akasema, "Na sisi hapa si wachezaji?"

"Ndilo nililomwambia, mzee wangu. Nimemwambia hata kwangu wapo. Tumekubaliana hivi. Siku ya Saba Saba atakuja na mchezaji wake. Akicheza na wa kwetu, wetu akishinda, meza haitoki hapa. Wao wakishinda wanaichukua."

Wengine walipiga makofi. Mimi nilimtazama meneja usoni nikaona anatabasamu, tabasamu la mtu aliyewekeana mzaha na rafiki yake. Lakini neno lilikuwa limetoka. Tukakaa muda usiofika mwisho wa sigara moja, wakanichagua mimi.

"Wewe ndiye unaweza kulivunja rundo," akasema Mmakonde yule fundi. "Sisi wengine tunalibembeleza. Mchezaji wao ni karani, anajua kuingiza mpira, tumemsikia. Wewe ulipasue vizuri, uingize mmoja wawili palepale, asipate pumzi."

"Na dirisha tutaliziba mbao," mwingine akaongeza.

Nikakubali. Nilijua kwamba nikishindwa meza inakwenda, na nilijua kwamba sijui kupasua. Nilikuwa na nguvu tu.

Miezi ile nilijifundisha. Kazi yenyewe ilikuwa chache, kwa hiyo mchana nilikuwa klabuni peke yangu. Kwanza niliacha kabisa kupanga mipira. Niliuweka mweupe peke yake, nikaupiga moja kwa moja mpaka ukingo wa mbele, nikaangalia unavyorudi. Ukirudi kwenye ncha ya fimbo yako, umepiga katikati yake. Ukirudi pembeni, umedanganya. Wangu ulirudi pembeni. Nikachukua chupa tupu ya soda, nikailaza mezani, nikawa naingiza ncha ya fimbo kwenye mdomo wa chupa na kuitoa bila kugusa kioo. Taratibu niliweza. Nikiongeza kasi, chupa inalia. Mzee mpishi alikuwa akisikia kule jikoni.

"Chupa imepasuka?" anauliza.

"Bado, mzee."

"Basi endelea, hiyo ndiyo ya mwisho."

Kambini mke wangu alikuwa na yake. Alikuwa mtu wa Ugweno, na maneno yake hayakuwa na haraka lakini yalifika.

"Baba watoto, wenzako wanapasua kuni, wewe unapasua nini?"

"Napasua mipira."

"Na ikishapasuka, inaiva saa ngapi?"

Akaongeza kwamba kaka yake kule Ugweno ana kahawa inayohitaji mikono, na kwamba shamba hili limekufa, kila mtu anaona isipokuwa mimi. Nikamwambia baada ya Saba Saba tutazungumza. Akasema, "Sawa. Saba Saba." Alilitamka kama anayetaja jina la mwanamke mwingine.

Kosa langu nililigundua shambani, si klabuni. Nilikuwa nakata mkonge na nikautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Anayekata mkonge anaondoa mwiba wa ncha, kisha anapiga kisu chini ya jani, karibu na shina. Pigo ni la ghafla na fupi. Kisu kikishamaliza jani mkono lazima usimame papo hapo. Usiposimama unajeruhi moyo wa mmea, au unajikata goti. Mkataji mpya anafundishwa hilo kwanza, na mnyapara wa zamani alikuwa akilifundisha kwa fimbo. Mimi nilikuwa nimekata tangu ndevu hazijaota. Mkono wangu ulikuwa umezoea kusimama. Basi kila nilipoupiga mweupe, mkono ulitoka kwa nguvu zote na palepale kwenye mpira ukafunga breki. Nguvu ilibaki begani kwangu. Ile kidogo iliyotoka ilitoka imepinda, kwa sababu kiganja kilikuwa kinageuka kuvuta, kama ninavyogeuza kisu.

Nikasema, kosa nimelijua, sasa nitaliacha. Haliachiki, bwana. Kichwa kinajua, mkono unakataa. Nilipiga mpaka ngozi ya kidole ikatoka. Kadiri nilivyojiambia usisimame, ndivyo ulivyosimama.

Katikati ya miezi ile nilipanda Suji kumwona baba. Alikuwa amezeeka lakini bado ndiye aliyekuwa akifungua ndiva ya ukoo wetu, lile bwawa dogo la mawe na udongo tunalokusanyia maji ya mfereji usiku ili asubuhi tumwagilie mashamba ya chini. Nikamkuta ukingoni, alfajiri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na kisu chako au umekuja na mikono mitupu?"

"Mitupu."

"Basi nisaidie kuzibua."

Tundu la ndiva linazibwa kwa gogo lililoviringishwa majani ya migomba na udongo. Nikalishika gogo, nikalivuta kwa nguvu moja ya haraka, kisha nikalishikilia nusu nje, kwa mazoea. Maji yakaruka pembeni, yakala ukuta wa mfereji, udongo ukaanza kwenda nayo. Baba akaniondoa kwa kiwiko.

"Ukishayafungulia usiyashike tena," akasema. "Wewe unayatoa na unayakataza. Yatafuata lipi?"

Akalivuta gogo lote mpaka nje, bila haraka, akaliweka kando. Maji yakatoka mazima, mazito, yakaingia mfereji bila kuruka, na ule uzito wake ukasukuma takataka zote za usiku mpaka chini bondeni. Hakutumia nguvu yoyote. Nguvu ilikuwa imelala ndani usiku kucha.

Aliniuliza pia lini narudi nyumbani, kwamba yeye mikono imekwisha, ndiva inataka mtu. Nikamjibu kama nilivyomjibu mke wangu. Alinawa matope tukaenda kunywa uji.

Niliporudi klabuni nilishika fimbo kwa vidole, si kwa ngumi. Niliilegeza mpaka nikaogopa itaanguka. Nikakaa chini zaidi, kidevu karibu na fimbo, mguu wa nyuma umekaza, mkono wa mbele umekaa mezani kama jiwe la kingo. Nikavuta nyuma polepole, nikaachia. Sikupiga, niliachia, na fimbo ikapita pale mpira ulipokuwa ikaendelea mbele, ikaendelea mpaka kiwiko kikanyooka. Nikairudia kwenye chupa, haikulia. Nikapanga mipira. Nikaachia tena. Ule mlio, pwaa, wa Wagiriki, ulitoka kwenye mkono wangu. Mzee mpishi alitoka jikoni na mwiko.

"Nani yuko humo?" akasema.

"Mimi."

Aliangalia meza. Mipira ilikuwa imesambaa kila pembe, mmoja umeingia kona, na mweupe umesimama katikati, umetulia, kama mtu aliyefika kwake. "Panga tena," akasema.

Kuanzia pale ikawa kila siku. Nilijifunza kwamba nguvu si adui wa utulivu, mradi usiombe nguvu zote. Nikitoa zote mweupe unapotea. Nikibakiza kidogo unasimama ninapotaka. Nilijifunza kuugonga mpira wa mbele uso kwa uso, bila kuukwepa hata unywele, na kuuweka mweupe mahali ambapo hautapita juu ya mshono. Mara nyingi uliingia mpira mmoja, mara nyingine miwili. Wenzangu walikuja jioni, wakaacha kwenda dirishani. Walikaa ukutani kimya wakisubiri ule mlio. Hata mke wangu alikuja siku moja na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, nikapasua. Akasema, "Hii sasa ni kazi," akaondoka. Nisifiche, nililala vizuri siku ile.

Saba Saba ikafika. Wageni walikuja mchana kwa lori, wakiimba. Meneja wao alikuwa mnene, mcheshi, alimkumbatia wa kwetu kama ndugu. Mbuzi walikuwa wanachomwa nyuma ya klabu. Karani wao alikuwa kijana mwembamba wa miwani, mwenye adabu. Alinisalimu, "Shikamoo, kaka," ingawa hatukupishana sana umri.

Nilikwenda kujisaidia nyuma ya lori lao, na nikaona ndani. Kulikuwa na kamba mpya zimeviringishwa, na magodoro, na mbao za kutelezesha mzigo. Nilisimama pale na suruali mkononi. Magodoro hayaletwi kwenye sherehe. Sikumwambia mtu.

Tulikuwa tumeambiwa michezo mitatu. Tulipokwisha kuingia ndani meneja wao akanusa hewa akasema, "Tufanye mmoja tu, jamani, nyama isipoe." Wa kwetu akacheka, akasema mmoja unatosha.

Wakarusha sarafu, ikaniangukia mimi. Nikaulizwa nipasue au nimwachie mgeni. Wapo walionisema baadaye kwamba ningemwachia. Mtu anajifunza kitu miezi mizima, watu wote wamesimama ukutani wanamtazama, halafu aseme mgeni aanze? Leo hii ukinirudisha pale nitapasua.

Mzee mpishi alipanga mipira. Aliisukuma kwa vidole vyote kumi mpaka ikashikana barabara, akaiondoa pembetatu kama anayemfunua mgonjwa. Nikapaka chaki. Nikainama. Sikusikia mtu wala upepo. Nikavuta, nikaachia.

Sijawahi kupasua vile kabla, na sikupata kupasua vile baada ya hapo. Ule mlio uligonga paa. Katika rundo haukubaki hata mpira mmoja uliogusana na mwenzake. Kumi na mitano yote ilikimbia, ikagonga kingo, ikapishana, ikarudi, na watu walikuwa wameanza kupiga kelele kabla haijasimama. Mweupe ulirudi nyuma kidogo, ukasimama katikati ya meza, palepale nilipotaka. Mpira mmoja wa njano ulikwenda kona ya kushoto, ukafika mdomoni mwa mfuko, ukasimama. Mwekundu ulikwenda kona ya kulia, ukasimama. Mwingine ulizunguka mdomo wa mfuko wa kati, ukatoka.

Hakuna ulioingia.

Kelele zikakatika. Nikasogea. Kanuni ni kanuni.

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaizunguka meza. Hapakuwa na kitu cha kumzuia. Kila mpira ulikuwa peke yake, kila mmoja na njia yake, miwili iko midomoni mwa mifuko, na mweupe uko katikati mahali ambapo unafika kokote. Nilikuwa nimemwandalia meza kama mwanamke anavyomwandalia mkwe chakula. Alianza na wa njano. Hakupiga kwa nguvu hata mara moja. Alikuwa anaigusa tu. Tok. Tok. Nilisimama na fimbo mkononi nikihesabu kwa moyo, na alipofika wa tano nikajua. Wa saba ulikuwa mgumu kidogo, akafikiri, akaupata. Wa nane ulikuwa ule mwekundu.

Mimi niligonga mpira mmoja tu siku ile, mara moja.

Wageni walishangilia, si sana. Meneja wao akasema, "Haya, nyama." Meneja wetu akanipiga bega akasema nimecheza kiume. Watu wa kambi walitoka mmoja mmoja. Mmakonde alibaki, akawa anapitisha kidole juu ya mshono wake, toka mwanzo mpaka mwisho.

Kuibeba ikawa ni sisi tena, kwa sababu wageni walikuwa wanakula. Chini ya kile kitambaa kumbe mlikuwa na mawe matatu mapana, laini, mazito kuliko tulivyodhani. Tulitoa moja moja. Mimi nilishika kona ya mbele. Tuliyalaza kwenye magodoro yao, tukafunga kwa kamba zao.

Yule karani alinikuta kivulini mwa lori, amekuja na nyama kwenye sahani.

"Kaka," akasema, "sijawahi kuona mtu akipasua namna ile. Sisi kwetu hakuna anayeweza. Unafanyaje?"

Nilitaka kumtukana. Nikamtazama, nikaona anauliza kweli.

"Unashika kwa vidole," nikamwambia. "Halafu mkono hausimami."

"Hausimami wapi?"

Nikamwonyesha, kwa mkono mtupu. Akaiga. Mkono wake ulikuwa unasimama. Nikamrudisha, nikamshika kiwiko, akafanya tena, ikawa nzuri kidogo. Akashukuru. Sahani ya nyama alinipa nikaiweka chini.

Mwaka uliofuata korona ya shamba letu ilifungwa moja kwa moja. Mke wangu alikuwa amekwisha kwenda Ugweno na watoto, nami nikamfuata baadaye, na baba alifariki ndiva ikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Kabla sijaondoka nilipata safari ya kupeleka nyumbu wawili wa kukokota mizigo kwenye lile shamba la jirani. Nikasema nitapita ukumbini nione inavyochezwa. Ukumbi ulikuwa umejaa magunia ya mahindi. Nikamuuliza mlinzi, akasema karani yule alihamishiwa Tanga hata mwezi haujaisha baada ya Saba Saba, na meza haikuwahi kuunganishwa tena, kwa sababu siku ile ile ilipofika waliweka marobota ya mkonge juu ya mawe na jiwe moja likapasuka.

"Mbao zilikwenda jikoni," akasema. "Mawe yako bombani."

Nikaenda bombani. Wanawake walikuwa wanafua. Yale mawe mawili mazima yalikuwa yamelazwa juu ya matofali, na walikuwa wanapigia nguo juu yake. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Alinisalimu, akasogeza ndoo yake ili nipate nafasi, akidhani nina kiu. Nikanywa. Nikamuuliza kama jiwe lile ni zuri kwa kufulia.

"Zuri sana, baba," akasema. "Halikwaruzi nguo."